Kata, Finjani na Chupa

Asafiriye kwa njia kuu kutoka Kilifi kwenda Malindi hupita Gede, mahali inapochepuka njia ya kwenda Watamu. Hapo njia panda husimama vijana waendeshao pikipiki za abiria, zile ziitwazo bodaboda. Wengi wao huanza kazi alfajiri na kuimaliza usiku, na ili wasisinzie hunywa vinywaji vya kuongeza nguvu viuzwavyo katika maduka ya kando ya barabara. Kinywaji huisha kwa mafunda machache. Chupa yake ya plastiki aghalabu hutupwa papo hapo, ama chini ya mti, ama mtaroni, ama nyuma ya kibanda, na mnywaji huwasha pikipiki yake akaenda zake. Jambo hili si la Gede peke yake. Utaliona Kilifi penye daraja, utaliona Mtwapa, Mambrui na Malindi, na kila mahali ambapo watu hufanya kazi kupita kiasi cha usingizi wao.

Si mbali na njia panda hiyo yako magofu ya mji wa kale. Watu wa mji huo nao walikuwa wanywaji, nao waliacha taka zao nyuma. Basi hapa pana majaa mawili, moja la kale na moja la leo, na mtu aweza kuyatazama yote mawili kwa mwendo wa asubuhi moja. Swali la insha hii ni kwamba majaa hayo yametofautianaje, na tofauti hiyo ilianzia wapi. Wako wajibuo kwa haraka kuwa wazee walikuwa na adabu na vijana wa leo hawana. Jibu hilo ni jepesi, nalo hupendeza masikio ya wazee. Lakini historia ya pwani yetu hailiungi mkono.

Na tuanze na jaa la kale. Mji wa Gedi ulistawi katika karne ya 14 na ya 15, ukahamwa na watu wake katika karne ya 17. Kaburi moja lililomo lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani mwaka 1399 wa Miladi. Baada ya kuhamwa, msitu uliumeza mji kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 1948 hata 1958, Mwingereza aitwaye James Kirkman aliuchimbua, na mwezi wa Julai 2024 mji huo ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nyumba zilizofukuliwa zilipewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Kwa hiyo iko Nyumba ya Mkasi, iko Nyumba ya Taa ya Chuma, na iko Nyumba ya Fedha za Kichina.

Kitu kilichopatikana kwa wingi kuliko vyote kilikuwa vigae. Vilikuwamo vigae vya vyungu na mitungi iliyofinyangwa hapa hapa pwani, na vilikuwamo vigae vya mabakuli yaliyoletwa na majahazi kutoka nchi za Waarabu, Uajemi na China. Tazama neno hili: vigae. Watu wa Gedi walitupa, tena walitupa karibu na milango yao, kama sisi. Hawakuwa malaika. Lakini kitu walichokitupa kilikuwa kimevunjika. Bakuli zima halikutupwa, maana lilikuwa mali. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, palikuwa na kaburi lenye mnara uliopambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa mawenini. Chombo cha kulia na kunywea kilipewa heshima ya kukaa juu ya kichwa cha marehemu. Hapa ndipo ilipo tofauti ya kwanza baina ya jaa lao na letu: wao walitupa kilichokwisha kazi, na sisi twatupa kizima.

Lakini si watu wote waliokuwa na bakuli la Kichina. Wengi walikunywa kwa vyombo vilivyoota shambani. Maji yalitekwa kwa kata, nayo kata ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mti. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Mombasa mwaka 1331, akaandika habari za visima vilivyokuwa milangoni pa misikiti, ambamo watu walichota maji kwa chombo cha mti chenye kijiti kirefu kiasi cha dhiraa moja. Chombo hicho hakikuwa cha mtu mmoja. Kilikaa kisimani, kila mtu alikitumia na kukiacha pale kwa ajili ya mwenziwe.

Tembo nalo lilikuwa na desturi yake. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara, hutundika kibuyu ili utomvu udondoke ndani yake. Katika nyumba za Wagiriama na Wamijikenda wengine tembo halikuwa kinywaji tu. Lilitumika katika posa na arusi, na lilimwagwa chini katika kuwakumbuka waliotangulia. Kibuyu cha mgema kilikuwa zana ya kazi kama jembe la mkulima. Akikipoteza leo, kesho hana pa kulitega tembo. Kwa hiyo kibuyu kilishuka mnazini kikapanda tena, mwaka hata mwaka, mpaka kilipopasuka. Na kilipopasuka kiliozea shambani kikawa udongo.

Dafu lilikuwa jepesi zaidi, maana kinywaji na chombo ni kitu kimoja. Mwuza madafu hukata kichwa cha dafu kwa panga, mnywaji hunywa, kisha dafu hupasuliwa naye hukomba nyama yake kwa kijiko kilichobanduliwa katika ganda lile lile. Hata leo waweza kuyaona hayo mjini Malindi. Nazi ikikomaa, makumbi yake husokotwa kamba, vifuu vyake huwa kata au huwa kuni jikoni. Yanayosalia huliwa na mchwa. Ikiwa dafu limetupwa njiani huudhi macho kwa miezi kadha wa kadha, kisha mvua na jua hulimaliza.

Sasa twafika kwenye kinywaji kilicho jamaa ya karibu ya hivi vya vijana wetu. Nacho ni kahawa. Historia husema kuwa katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikunywa kahawa ili wakeshe katika dhikiri. Kutoka huko ilienea katika miji ya Waislamu, na baadaye ulimwenguni kote. Kwetu pwani kahawa chungu ilikuwa kinywaji cha barazani. Muuzaji huja na dele la shaba lenye makaa chini yake, na mkononi ana finjani chache ambazo huzigonganisha ili watu wajue amefika. Mnywaji hupewa finjani, hunywa polepole kwa maana kahawa ni ya moto, na huku mazungumzo yanaendelea. Akimaliza huirudisha. Finjani husuzwa majini ikapewa mwingine. Finjani sita zatosha kuwanywesha watu mia. Mnywaji hawezi kuondoka nayo, wala hawezi kuitupa, maana mwenyewe amesimama mbele yake akiingoja.

Basi kinywaji cha kukesha si kigeni katika pwani hii. Wavuvi wangojao maji kujaa, mabaharia, walinzi na wanavyuo wamekunywa kahawa kwa karne nyingi, wala hatusikii kwamba mji wowote ulijaa taka za finjani. Kilicho kigeni ni chombo, na mapatano yaliyokizunguka.

Mapatano hayo hayakuvunjika siku moja. Mwaka 1892, huko Baltimore katika Marekani, fundi aitwaye William Painter aliandikisha uvumbuzi wake wa kizibo cha bati chenye meno, kile kizibacho chupa za soda hata leo. Kwa kizibo hicho kinywaji chenye hewa kiliweza kusafiri mbali bila kuharibika. Kiwanda cha kwanza cha Coca-Cola nchini Kenya kilianza mjini Nairobi mwaka 1948, mwaka ule ule ambao Kirkman alianza kuchimbua Gedi. Soda ilikuja pwani katika chupa za kioo zilizopangwa ndani ya kreti za mbao, na baadaye kreti za plastiki.

Chupa ile ya kioo ilikuwa mali ya kiwanda. Mteja aliuziwa soda, hakuuziwa chupa. Alisimama dukani akanywa, akairudisha juu ya meza. Na kama alitaka kwenda nayo nyumbani aliweka rehani, yaani aliacha fedha ambazo alirudishiwa alipoileta chupa. Mwenye duka naye hakupewa kreti mpya iliyojaa bila ya kutoa kreti ya chupa tupu. Mtoto aliyeokota chupa njiani aliishika kama aliyeokota fedha. Vizibo tu ndivyo vilivyotupwa, kwa kuwa havikuwa na thamani. Na hata hivyo watoto waliviokota wakachezea drafti. Kwa hiyo soda, ingawa ilitoka ng’ambo, iliingia pwani kwa kufuata sheria ya finjani: chombo kina mwenyewe, na mwenyewe anakingoja.

Turudi sasa kwa vinywaji vya kuongeza nguvu tuone vilivyozaliwa. Mwaka 1927, mjini Newcastle katika Uingereza, mwuza dawa aitwaye William Walker Hunter alitengeneza kinywaji cha sukari ya glukosi kwa ajili ya wagonjwa. Kilipewa jina la Lucozade miaka miwili baadaye, na hata kwetu watu walikichukua kama zawadi ya kumtazamia mgonjwa hospitalini. Mwaka 1962 kampuni ya Taisho ya Japani ilitoa Lipovitan D, kinywaji cha chupa ndogo kwa watu waliochoka. Katika miaka ya 1970 Chaleo Yoovidhya wa Thailand alitengeneza Krating Daeng, kikapendwa na madereva wa malori na watu wa kazi ngumu. Mfanyi biashara wa Austria, Dietrich Mateschitz, alikionja huko, akashirikiana na Chaleo, na mwaka 1987 Red Bull ikaanza kuuzwa Austria. Leo wako wengi waliofuata nyayo hizo. Katika Kenya kijana wa bodaboda hununua Predator ya chupa ya plastiki kwa fedha kidogo. Tanzania wana Azam Energy na Mo Xtra. Uganda wana Rockboom.

Angalia jinsi historia hii inavyokwenda. Kinywaji kilianza kwa mgonjwa, kikaenda kwa mchovu, kisha kikaenda kwa dereva na mchukuzi, na sasa kimefika mfukoni mwa mwanafunzi ajiandaaye kwa mtihani. Mkebe wa Red Bull wa mililita 250 una miligramu 80 za kafeini, kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa, na gramu 27 za sukari, ambazo ni karibu vijiko saba vya chai. Kafeini haileti nguvu. Katika ubongo mna kitu kiitwacho adenosini ambacho huzidi kadiri tukaavyo macho, nacho huuambia ubongo kwamba mwili unataka kulala. Kafeini hukalia kiti cha adenosini ili habari hiyo isifike. Uchovu haujaondoka, umezuiwa kusema. Usiku ukiisha, deni la usingizi lipo pale pale, tena limeongezeka. Kwa sababu hiyo mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa shauri kuwa watoto na vijana wasinywe vinywaji hivi.

Na chupa yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 1973 mhandisi wa Marekani, Nathaniel Wyeth wa kampuni ya DuPont, alipata hataza ya chupa ya plastiki iwezayo kustahimili msukumo wa kinywaji chenye hewa. Ilikuwa nyepesi, haivunjiki, na bei yake ndogo. Sifa hizo tatu ni njema, wala hapana haja ya kumlaumu aliyeivumbua. Lakini kwa sababu ya wepesi na urahisi wake kiwanda hakikuwa na haja tena ya kuirudisha. Gari lililokuwa likirudi na kreti za chupa tupu sasa hurudi bila kitu. Rehani ikaondoka. Mnywaji akauziwa kinywaji pamoja na chombo, akawa mwenye chombo asichokitaka.

Hapo ndipo mapatano ya zamani yalipovunjika, na hapo ndipo taka zetu zilipozaliwa. Mambo mawili yalikutana: chupa isiyotakiwa na mtu, na mnywaji asiye na nafasi. Mnywaji wa kahawa alikuwa na baraza. Mnywaji wa soda alikuwa na meza ya duka. Kijana wa bodaboda ana abiria anayemngoja na pikipiki ambayo huenda si yake, na jioni sharti ampelekee mwenyewe fedha za siku. Anywa huku anakwenda. Kinywaji kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kupumzika kimetiwa katika chombo kisichoweza kurudi. Kama vile kafeini inavyoahirisha deni la usingizi, chupa ile huahirisha deni la taka. Na madeni yote mawili hulipwa baadaye, mara nyingi na mtu mwingine.

Nani hulilipa deni la chupa? Tuifuate safari yake. Mvua ya masika hunyesha Malindi, maji hupita mitaroni, chupa huchukuliwa hata baharini. Chupa yenye kizibo huelea. Isiyo na kizibo hujaa maji ikazama, maana plastiki yake ni nzito kuliko maji, lakini kizibo chake huendelea kuelea peke yake. Nyingine huja kwa mto Sabaki, ambao huingia baharini kaskazini ya Malindi. Mto huo ukifuatwa juu huitwa Galana, kisha Athi, nao hupokea maji ya mito ya Nairobi. Kwa hiyo taka ya mji mkuu yaweza kutokea Malindi bila ya kulipa nauli. Wakati wa kaskazi maji mekundu ya Sabaki husukumwa kusini kuelekea ghuba ya Malindi; wakati wa kusi huelekea upande wa Ngomeni.

Bahari nayo huleta yake. Mwaka 2020 mtaalamu wa Afrika Kusini, Peter Ryan, alitangaza utafiti juu ya chupa zilizookotwa katika fukwe za Kenya. Alizisoma kama Kirkman alivyosoma vigae, kwa kutazama alama zilizopigwa juu yake ili ajue zilikotengenezwa. Zilikuwako za hapa nchini, na zilikuwako zilizotoka ng’ambo, hata Indonesia. Bahari ya Hindi iliyotuletea mabakuli ya China kwa majahazi, sasa hutuletea chupa tupu kwa mkondo wa maji. Wala tusijidanganye kuwa kosa ni la wageni tu. Chupa iliyotupwa Kilifi nayo ina safari yake, na huko iendako ni mgeni asiyealikwa.

Jua na chumvi huipasua plastiki ikawa vipande, na vipande vikawa chembe, lakini hazigeuki udongo kama kibuyu cha mgema. Samaki huzila. Kasa huzila vile vile. Huko Watamu iko jumuiya iitwayo Local Ocean Conservation, iliyoanza mwaka 1997 kwa kazi ya kulinda kasa, nayo huwatibu kasa walioumia. Miongoni mwao huletwa waliomeza plastiki. Utumbo wa kasa huyo huziba, hewa hujaa ndani yake, akawa anaelea juu ya maji bila ya kuweza kuzama kutafuta chakula. Na jambo hili latokea katika bahari iliyopewa ulinzi tangu zamani, maana hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, nazo zilikuwa miongoni mwa za kwanza katika Afrika nzima. Mvuvi wa Mayungu naye hulipa kwa wavu uliojaa kisicholiwa, na mwenye nyumba ya wageni hulipa kwa kufagia ufuko kila alfajiri.

Serikali haikukaa kimya. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilianza kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na wengi walioitilia mashaka amri hiyo waliona kwa macho yao miti na nyua zikisafika. Tarehe 5 Juni 2020 ilianza amri nyingine ya kukataza plastiki za kutumiwa mara moja, chupa za maji zikiwamo, katika mbuga, fukwe na misitu iliyohifadhiwa. Mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, ambayo huwataka watengenezaji wabebe sehemu yao ya mzigo wa bidhaa zao zinapokuwa taka. Hizi ni hatua njema. Hata hivyo amri ya hifadhi huishia kwenye mpaka wa hifadhi, na chupa haijui mpaka.

Huenda msomaji akauliza: je, kijana aitupaye chupa hana kosa? Analo. Mkono uliotupa ni wake, na hapana historia iwezayo kuukana. Lakini tazama jambo moja ambalo kila mtu wa pwani aweza kulishuhudia. Mkebe wa alumini na chupa ya plastiki vikitupwa mahali pamoja, mkebe huokotwa upesi zaidi. Kwa nini? Kwa sababu alumini hununuliwa kwa bei njema, ikayeyushwa na mafundi wa jua kali ikawa sufuria. Chupa za plastiki nazo hununuliwa kwa kilo, lakini ni nyepesi, na mwokotaji yampasa kuinama mara nyingi ili apate kilo moja. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wale wanaoinama kutwa katika mitaro ya Malindi wanafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na rehani, kwa ujira mdogo kuliko ule wa rehani. Mtupaji ni yule yule kwa vitu vyote viwili. Kinachotofautiana ni thamani ya kilichotupwa.

Ushahidi mwingine ulitoka Lamu. Huko mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda chombo cha baharini chenye urefu wa mita 9 kwa plastiki zilizookotwa, wakakivika vipande vya malapa ya rangi nyingi. Kiliitwa Flipflopi, kikashushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 kikasafiri hata Unguja, na katika miji ya njiani watu wakakusanyika kukitazama. Chombo kimoja hakiwezi kumaliza taka za bahari, wala waundaji wake hawakudai hivyo. Lakini kilionyesha kuwa plastiki iliyopata mwenyewe yaacha kuwa taka.

Basi nikijibu swali nililoliuliza mwanzo, nasema hivi. Wazee wetu hawakuwa wasafi kwa tabia kuliko sisi. Vigae vya Gedi vyashuhudia. Walikuwa na vyombo vyenye wenyewe. Kata ilikuwa ya kisima, kibuyu kilikuwa cha mgema, finjani ilikuwa ya muuza kahawa, chupa ya kioo ilikuwa ya kiwanda. Kila kimoja kiliondoka kikarudi. Chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu ndiyo ya kwanza kuondoka isirudi, kwa sababu mbele yake hapana anayeingoja. Dawa yake, kwa hiyo, haiwezi kuwa maneno ya kukemea peke yake. Zipo nchi, kama Ujerumani na Norway, ambazo zimeirudishia chupa ya plastiki rehani yake, na wanunuzi huirudisha kama babu zetu walivyorudisha chupa za soda. Jambo tulilowahi kulifanya wenyewe halitatushinda kwa kuwa ni geni.

Ninyi mnaosoma insha hii shuleni, mtakuwa wenye maduka, wenye viwanda, madiwani na watunga sheria. Mkiwa na mamlaka hayo, kumbukeni kuuliza juu ya kila chombo kinachoingia sokoni swali ambalo muuza kahawa hakuhitaji kuulizwa: hiki kitarudi kwa nani? Na kabla ya kuyapata mamlaka hayo, anzeni na chupa iliyo mkononi. Iwapo umeinunua, wewe ndiwe mwenyewe mpaka utakapompata mwingine wa kuipokea.

Miaka mia tano ijayo huenda mtu akachimba tena karibu na Gede. Chini atakuta vigae vya mabakuli, naye atasema kuwa hapa waliishi watu waliofanya biashara na China, wakatunza walichonunua mpaka kikavunjika. Juu yake atakuta vizibo vya plastiki, vingi pasipo hesabu, havijavunjika. Atataka kujua watu hao walikuwa na haraka ya kwenda wapi.